Daftari la Makosa Yangu

Katika darasa letu la kidato cha sita, mimi peke yangu ndiye niliyekuwa siendi tuisheni. Si kwamba nilijiona najua. Niliishi na mama mdogo, fundi cherehani hapa Morogoro mjini, na makubaliano yake na mama yangu yalikuwa wazi tangu siku niliyoshuka kutoka Matombo na begi langu na mkungu wa ndizi: shule nitasoma, lakini nikitoka saa tisa niwe chumbani kwake, nishone vifungo, nikunje pindo, nipige pasi. Tuisheni ilianza saa kumi. Habari ikaishia hapo.

Wenzangu walinihurumia. Mtihani wa taifa wa kidato cha sita ndio unaoamua nani ataingia chuo kikuu na nani atarudi nyumbani, na pale kwetu mwanafunzi asiyekwenda tuisheni alionekana kama mgonjwa aliyekataa dawa. Aliyenihurumia kuliko wote ni msichana niliyekaa naye dawati moja tangu wiki ya kwanza ya kidato cha tano. Kwao Turiani, ila mjini aliishi kwa kaka yake mkubwa. Alikuwa mcheshi, na kicheko chake kilianza kabla hujamaliza kusimulia. Nilipougua malaria nikalala wiki nzima, alininakilia masomo yote kwa mkono wake, kemia, baiolojia na jiografia, hadi michoro akaipaka rangi. Nalitaja hili mapema kwa sababu ni kweli, na kwa sababu bila hilo mtu anaweza kufikiri nilikuwa mjinga kumwamini.

Mwanzoni hata mimi sikujua kusoma. Nilijua kukaa na kitabu. Nilikuwa nasoma ukurasa mara tano, mara sita, mpaka nikifumba macho naona mahali picha ilipo, halafu nikiingia kwenye mtihani sioni kitu. Muhula wa kwanza wa kidato cha tano nilishika mkia katika kemia. Siku moja mchana nilikuwa nashona vifungo vya sare za wanakwaya, mama mdogo yuko kwenye cherehani, akaniuliza bila kuinua kichwa.

"Leo mmesoma nini?"

"Osmosisi."

"Ndiyo nini hiyo?"

Nikafungua mdomo. Nilikuwa nimeisoma asubuhi hiyohiyo, tena kwa Kiingereza chake chote, lakini hakuna kilichotoka. Nikasema, "Ni maji... yanapita."

"Yanapita wapi? Kwa nini yapite?"

Akasimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. "Sasa kama mimi huwezi kuniambia, huyo anayesahihisha utamwambia nini?"

Kuanzia siku hiyo ikawa ndiyo desturi yetu. Kila nilichosoma nilimweleza yeye, kwa Kiswahili cha kawaida, huku sindano iko mkononi. Mama mdogo aliishia darasa la saba, lakini ana ugonjwa wa kuuliza "kwa nini". Aliuliza mpaka nikwame, na pale nilipokwama ndipo nilipojua pa kuanzia kesho yake. Alfajiri, adhana ya msikiti wa jirani ikisikika, nilikuwa nimeshaamka. Nilisoma kipande kimoja tu, nikafunga kitabu, nikachukua mabaki ya karatasi za kaki ambazo mama mdogo hukatia ruwaza za nguo, nikaandika kila nilichokumbuka. Kisha nilifungua kitabu na kuona nilichoacha. Baada ya siku tatu nilirudia kuandika kitu kilekile bila kutazama, na baada ya wiki nilirudia tena. Mwanzoni iliuma. Kusoma ukurasa mara sita kunakupa raha ya kujiona unajua. Karatasi tupu haikupi raha hiyo.

Halafu likaja daftari. Lilikuwa kaunta buku kubwa lenye jalada jekundu, na kila ukurasa niliugawa safu tatu kwa rula. Safu ya kwanza niliandika swali nililokosa, ya pili jibu nililotoa, na ya tatu sababu iliyonifanya nijibu hivyo. Safu ya tatu ndiyo iliyonichukua muda. Ni rahisi kuandika jibu sahihi ukapita. Ni kazi kukaa ukajiuliza uongo huo ulitoka wapi kichwani mwako.

Nitatoa mfano mmoja. Kwenye jiografia niliwahi kukosa swali la mvua za milima. Niliandika kwamba mlima hupata mvua pande zote. Kwenye safu ya tatu nikaandika: "Nilijibu hivi kwa sababu kwetu Matombo mvua hainyimi, nikadhani ndivyo mlima ulivyo. Lakini Mlali, ng'ambo ya pili, wanamwagilia nyanya kwa mifereji. Mlima ni huohuo mmoja. Upepo unatoka baharini, unamwaga maji upande wetu, ukifika Mlali umekauka." Tangu nilipoandika vile, swali hilo halijanishinda tena, na nadhani halitanishinda hadi nizeeke.

Kidato cha tano kilipoisha nilikuwa wa tatu darasani. Rafiki yangu alikuwa wa pili kutoka mwisho.

"Mwenzangu," akaniambia siku matokeo yalipobandikwa, "mimi nashinda tuisheni mpaka makalio yanakufa ganzi. Wewe unashinda unashona vifungo. Unanizidije?"

Sikumficha kitu. Nilimchukua Jumamosi hiyohiyo hadi kwa mama mdogo, nikampa karatasi ya kaki na kalamu, nikamwambia aandike anachojua kuhusu moyo wa binadamu. Aliandika mistari minne, akaanza kucheka, kisha akaanza kulia. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa anasikiliza tu. Mwalimu wake wa tuisheni alikuwa hodari wa kueleza, na mtu akieleza vizuri unatoka umeshiba, unadhani chakula ni chako.

Basi akawa anakuja kila Jumamosi. Tuliulizana, tukasahihishana, tukachukua mitihani ya miaka iliyopita tukaifanya kwa saa kamili huku mama mdogo akitutunzia muda kwenye kitochi chake, simu ndogo ya vibonyezo. Mama mdogo alimpenda. Alimkaangia maandazi, akampunguzia sketi ya shule iliyokuwa inampwaya, akamwita mwanangu. Na yeye, kwa upande wake, aliniletea karatasi za maswali za tuisheni, zile ambazo mwalimu wake alizigawa huku akisema maneno aliyozoea kusema: "Mimi sifundishi, mimi natabiri." Tulicheka sana na hayo maneno. Kufikia mwisho wa mwaka alikuwa amepanda hadi katikati ya darasa, na nilijivunia kana kwamba nimepanda mimi.

Mwezi wa kwanza, kabla ya mtihani wa majaribio, akaniomba daftari. Alikuwa anakwenda Turiani kumwona mama yake mwisho wa juma.

"Siku mbili tu, shosti. Nikifika kule nyumbani nitasoma kwa utulivu."

Sikuwa na simu ya kupiga picha kurasa. Nilimpa daftari kama lilivyo, nikalifunga na kipande cha kanga lisichafuke.

Jumatatu alikuja darasani macho yamevimba. Alisema basi lilijaa, aliweka mfuko juu kwenye kichanja, na aliposhuka stendi ya Msamvu mfuko haukuwepo. Alilia mpaka wenzetu wakageuka. Nami nikamfuta machozi. Hilo silisahau. Nilitoa kwenye mfuko wa sketi yangu kipande cha kitambaa nilichotumia kupangusia mashine, nikamfuta, nikamwambia, "Nyamaza bwana, ni karatasi tu. Ungeumia wewe ingekuwaje?"

Nyumbani ndipo nilipolia mimi. Mama mdogo aliniacha nilie mpaka nimalize, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hayo makosa aliyeyaandika ni nani?"

"Mimi."

"Basi yaandike tena."

Nikaanza upya, kwenye daftari jingine. Nilitegemea kukumbuka robo. Nilikumbuka karibu yote, hadi mpangilio wa kurasa. Kule kujiuliza sababu ndiko kulikoyaingiza kichwani, na daftari lenyewe lilikuwa kama ngozi aliyoiacha nyoka. Watu niliowasimulia baadaye wameniambia kwamba basi sikupoteza kitu. Si kweli, lakini wakati huo na mimi nilijiliwaza hivyohivyo. Nilitumia wiki tatu za alfajiri kurudisha kilichokuwa changu, wiki ambazo nilizihitaji kwa mambo mengine.

Masika yalipoanza, mama mdogo alinituma steshenari nikatoe kopi ya barua yake ya chama cha mafundi. Mbele yangu kwenye foleni alikuwepo mwanafunzi wa shule nyingine, akaomba "kile kijitabu cha makosa". Muuzaji akakitoa chini ya kaunta. Kilikuwa na jalada la bluu, kimebanwa pini mbili. Yule mwanafunzi alipoondoka nami nikaomba nikione.

Juu kiliandikwa jina la mwalimu wa tuisheni, na chini yake, kwa herufi ndogo kidogo, "kwa kushirikiana na", halafu jina la rafiki yangu, majina yote matatu.

Nilifungua. Safu tatu. Swali, jibu, sababu. Nilisoma ukurasa wa kwanza nikiwa bado sijaelewa, kama mtu anayesikia sauti yake kwenye redio akajiuliza huyu ni nani. Nikafunua zaidi. Ukurasa wa kumi na nne ukasema: "Nilijibu hivi kwa sababu kwetu Matombo mvua hainyimi."

Hawakuondoa hata hilo.

"Unachukua?" muuzaji akaniuliza. Nadhani nilisema ndiyo, maana nilifika nyumbani ninacho, na barua ya mama mdogo nimeisahau kwenye mashine ya kopi.

Kesho yake nilimsubiri rafiki yangu kwenye bomba la maji la shuleni, mahali tulipokuwa tunaoshea vikombe vya uji. Alikuja anaimba. Nikakitoa kijitabu.

"Hiki nini?" nikamuuliza.

Alikitazama, wimbo ukakata. "Shosti, ngoja nikueleze."

"Ulisema limepotea kwenye basi."

"Nilitaka kukuambia..."

"Nilikufuta machozi."

Hapo akainama akafungua bomba, akaanza kuosha kikombe kilichokuwa kisafi tayari. Alinieleza huku maji yanamwagika. Turiani alikwenda kweli, na daftari alirudi nalo. Alishuka basi Jumapili mchana akapitia tuisheni moja kwa moja, akaliweka mbele yake. Mwalimu akalichukua, akafunua, akasoma akiwa amesimama, akasahau hata kuendelea na somo. Kisha akamuuliza mbele ya darasa zima: "Hili umeandika wewe?"

"Nikasema ndiyo," akaniambia. "Neno moja tu. Sikuwa nimepanga. Tangu nizaliwe hakuna mwalimu aliyewahi kunitazama vile. Akaniita mbele, akaniambia niwaeleze wenzangu ninavyosoma. Nikawaeleza. Walipiga makofi. Baada ya hapo ningesemaje?"

"Ungesema si lako."

"Ni rahisi kwako kusema. Wewe umezoea kusifiwa."

Maneno hayo yalinichoma kuliko kijitabu. Mimi, niliyekuwa nashona vifungo wakati wao wanapigiwa makofi, eti nimezoea kusifiwa. Nilitaka kumpiga. Badala yake nilifunga bomba, maana maji yalikuwa yanamwagika bure, nikaondoka.

Mama mdogo nilipomwambia alisimamisha mkasi katikati ya kitambaa. Nilitegemea atapaza sauti. Alisema tu, taratibu, "Mtoto yule nimempunguzia sketi kwa mkono wangu," akarudi kukata kitambaa, na akakikata vibaya, jambo ambalo sijamwona akilifanya kabla wala baada.

Siku ya tatu akanipa ruhusa ya mchana, nikaenda tuisheni kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Ilikuwa ukumbi wa mabati nyuma ya gereji, mabenchi yamepangwa hadi mlangoni. Mwalimu alikuwa anafuta ubao, wanafunzi wachache wameshawahi nafasi za mbele.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba." Akanitazama. "Wewe si wa kwangu."

"Hapana, mwalimu. Lakini daftari ulilochapisha ni langu."

Hakushtuka. Aliendelea kufuta kona ya ubao mpaka ikawa safi. "Una ushahidi?"

"Ukurasa wa kumi na nne pameandikwa 'kwetu Matombo'. Yeye kwao Turiani."

Akachukua kijitabu kimoja mezani, akalowesha kidole, akafunua, akasoma. Kisha akatabasamu, tabasamu la mtu aliyeonyeshwa kosa dogo la tahajia. "Kweli. Toleo la pili tutarekebisha."

Mpaka leo hayo maneno yakinijia nikiwa njiani, huwa nasimama.

"Mwalimu, mimi ndiye niliyeandika."

"Binti, elimu haina mwenyewe. Wewe ulitoa wapi hayo maswali? Si kwenye karatasi za watu? Ungekuwa mwanafunzi wangu ningekutambua. Hukuwahi kukanyaga hapa."

Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi, si kwa hilo. Nikasema jambo ambalo nilikuwa nalo tangu steshenari, na ambalo lilinitia hofu zaidi. Kurasa nne za mwisho za daftari langu zilikuwa za maswali ambayo bado sijayahakiki. Niliandika majibu ya kubahatisha kwa kalamu ya wino, na pembeni ya kila moja nikaweka alama ya kuuliza kwa penseli. Aliyechapa alizitupa zile alama. Majibu ya kubahatisha yamechapwa kama majibu ya kweli.

"Mfano," nikamwambia, "kuna swali la baba mwenye hemofilia na mama asiye na ugonjwa huo wala asiyeubeba. Kijitabu kinasema nusu ya watoto wa kiume wataugua. Si kweli. Hakuna atakayeugua, kwa sababu baba anampa mtoto wa kiume Y, na ugonjwa uko kwenye X. Nilikuwa nimebahatisha. Kuna mengine saba ya namna hiyo. Wanafunzi wako wanayakariri."

Nyuma yangu mabenchi yalikuwa yameanza kujaa. Mtu mmoja akacheka puani.

"Wivu, mwanangu," mwalimu akasema, sasa kwa sauti ya kusikika na wote, "wivu hautibiwi kwa panadoli." Ukumbi ukaangua kicheko. Niliangalia benchi la mbele. Rafiki yangu alikuwa ameshafika. Hakucheka, hilo nalisema kwa haki. Alikuwa anaangalia daftari lake kana kwamba kuna kitu kimeandikwa humo.

Jumapili iliyofuata, mvua inanyesha na mama mdogo yuko kanisani, akabisha hodi. Alisimama mlangoni, maji yanamtiririka, hakuthubutu kuingia mpaka nimwambie. Sikumwambia.

"Mwalimu anasema unadanganya," akasema. "Mimi najua hudanganyi. Daftari lako analo yeye, hanionyeshi. Nitajie yale yenye makosa."

"Unayo yote. Majibu manane, kurasa nne."

"Nitajie ni yapi."

Nilikuwa nayo kichwani yote manane. Ingenichukua dakika mbili. Nikamwambia, "Fanya tulivyokuwa tunafanya. Funga kitabu, jaribu mwenyewe, utayaona."

"Muda umeisha! Mtihani ni mwezi ujao."

"Hata mimi muda ulinipotea, nilipokuwa naandika upya."

Akaanza kulia. Safari hii sikumpa kitambaa. Alijifuta kwa mkono, akasema kwa sauti ya chini, "Ulivyokuwa unanifundisha, nilikuwa naona raha kuliko sehemu yoyote." Halafu akaondoka kwenye mvua, akapita kwenye matope katikati badala ya pembeni penye mawe.

Sikufurahi. Nilidhani nitafurahi. Nilikaa nikafikiria wale wengine, wanafunzi wa mabenchi ya tuisheni na wa darasani kwetu, ambao hawakunikosea chochote zaidi ya kucheka. Asubuhi ya Jumatatu nilichukua karatasi kubwa ya kaki, nikaandika maswali manane na majibu yake sahihi, na chini ya kila jibu nikaeleza sababu. Sikuweka jina. Nikafika shuleni kabla ya wote nikaibandika kwenye ubao wa matangazo wa darasa.

Kufikia kipindi cha pili niliona wawili watatu wananakili. Kufikia mapumziko ilikuwa imenyofolewa, imebaki kona moja na pini. Nani aliinyofoa sijui. Nilikuwa na wazo, na bado ninalo, lakini wazo si ushahidi, nami nilishajua ladha ya kuulizwa ushahidi. Sikubandika nyingine.

Mtihani ulikuja. Tulikaa kwa namba, na namba yake ilikuwa mbele yangu safu mbili, kwa hiyo wiki nzima nilikuwa naona mgongo wake na ile sketi. Kwenye baiolojia lilitokea swali la urithi, si lile la hemofilia, ila la ukoo mmoja nalo. Tulipotoka nje kundi la vijana lilikuwa linabishana karibu na geti. "Si ni nusu? Kijitabu kinasema nusu," mmoja alikuwa anasema, na mwingine akawa anahesabu kwa vidole na kukunja uso. Rafiki yangu alikuwa kati yao. Tulitazamana. Alionekana kama mtu anayengoja niseme kitu. Nilipita.

Matokeo yalitoka nikiwa Matombo namsaidia mama kuanika pilipili manga. Nilipata alama za kutosha kwenda chuo kikuu nilichokitaka. Yeye alifaulu, lakini si kwa alama za udaktari alizoziota. Alipata nafasi ya stashahada ya maabara. Wale wengine wa tuisheni, wako waliofaulu vizuri na wako walioanguka, na siwezi kusema ni kijitabu. Mwalimu alitoa toleo la pili. Niliambiwa ukurasa wa kumi na nne sasa unasema "kwetu milimani".

Wiki chache baadaye nilikuwa nimerudi mjini kufunga mizigo ya chuo. Simu ya mama mdogo ikaita, nikapokea mimi; namba ngeni, sauti ya mama mtu mzima.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Mimi mama wa rafiki yako, nipo Turiani. Nimekutumia mzigo kwa basi, mchele mpya wa shambani kwetu. Kaufuate stendi."

Nikamwambia asingejisumbua.

"Aa, nisijisumbue vipi? Mwanangu kanieleza yote. Kasema wewe ndiye uliyemsaidia kuandika kile kitabu chake. Yeye alikuwa anasema, wewe unaandika, maana una mwandiko mzuri. Nimekitunza kabatini, kila mgeni namwonyesha. Mungu akubariki."

Mama mdogo alikuwa ananitazama kutoka kwenye cherehani, amesikia kila neno kwa sababu kitochi kile kinapiga kelele. Nilikuwa nimefungua mdomo. Upande wa pili nilisikia kuku, na mtu anatwanga, na yule mama anapumua kwa furaha akingoja nijibu.

"Ahsante, mama," nikasema. "Mpe salamu zangu."

Tulikwenda kuuchukua. Nusu gunia, limeshonwa mdomo kwa uzi wa katani. Mama mdogo alisema tuupeleke kanisani, wakagawiwe wenye shida. Kisha akalifungua kuangalia kama una mawe, na harufu yake ikajaa chumba, akainjika sufuria. Tuliula kwa mboga ya mchicha, tukaula na kesho yake.

Chuoni nilipangiwa chumba na msichana wa kutoka Iringa, mpole, mwenye bidii, anayesoma ukurasa mmoja mara nyingi kwa kunong'ona. Baada ya majaribio ya kwanza alikaa ukingoni mwa kitanda changu na karatasi yake yenye alama nyekundu.

"Dada," akaniambia, "nakuona unaandikaandika kwenye karatasi halafu unazigeuza. Unasomaje wewe? Nifundishe."

Nilikuwa na karatasi moja mbele yangu, nusu imejaa. Niliifunika kwa kiwiko.

"Nasoma tu," nikamjibu. "Kama wewe."

Alinitazama kidogo, akasema sawa, akarudi kitandani kwake na kufungua kitabu.